Kakao ya Kwaresima

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyempa mwanadamu ulimi mmoja na kuupa kazi mbili, kuonja na kusema, akamwachia mwenyewe ajifunze ipi itangulie. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kufundisha katekisimu, nimesema mengi, na sasa macho yamepungua nguvu na miguu haikitaki tena kilima cha kanisani. Lakini ulimi haujazeeka, bado unaonja, na kwa hilo pia namshukuru. Naomba anisaidie niseme kweli katika haya ninayoyaandika, bila kuongeza chumvi zaidi ya ile kidogo tuliyoitia kwenye kakao siku zile.

Tulimzika mdogo wangu Tabu mwaka huu, katika baridi ya mwezi wa Juni, ile baridi ya Songea inayoifikia mifupa ya mzee kabla haijagusa ngozi yake. Matanga yalikuwa Msamala, nyumbani kwa mwanawe mkubwa. Mimi nilikalishwa ndani, kwenye kiti chenye mto, na akina mama walikaa chini mkekani wakiwa wamejifunika khanga mpaka masikioni. Asubuhi baada ya maziko aliingia kitukuu wa Tabu, msichana mpole, amebeba sinia la vikombe vinavyofuka moshi, na kabla hajafika nilijua kwa harufu kwamba si chai. Akapiga goti mbele yangu, akasema, “Shikamoo bibi,” kisha, badala ya kunipa kikombe, akakipeleka mdomoni mwake, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akanikabidhi kwa mikono miwili. Mke wa mjukuu wetu mmoja, binti wa Kiislamu kutoka Nalasi, mwenye maneno makali na moyo mwema, akashika kichwa. “Astaghfirullahi! Wewe mtoto, unamnywia bibi yako kikombe chake mbele ya macho yake? Kwetu leo ungelia.” Msichana hakutishika. “Ndiyo yetu hii, mama. Chai huonji. Kakao lazima uonje.” “Nani kasema?” “Bibi Tabu. Ukimpelekea bila kuonja, anakuangalia tu. Kikombe kinapoa, anakuangalia tu.” Akina mama wakacheka na kulia kwa wakati mmoja, maana wote walimjua Tabu na macho yake. Kisha wakanigeukia mimi. “Bibi Skola, hii ni mila ya wapi?” Nikafungua kinywa kujibu, nikaona kwamba jibu ni refu kuliko asubuhi, na kwamba mwenzangu ameondoka na nusu ya habari na mimi nimebaki na nusu nyingine. Ndiyo sababu naandika.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata Vita vya Maji Maji. Vita vyenyewe sitavieleza, wako waliovieleza vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba wakubwa wetu walikuwa wamekwisha kunyongwa, maghala yalikuwa yamechomwa moto, na mashamba hayakupandwa kwa sababu mbegu zililiwa au zilichukuliwa, na wa kushika jembe hawakuwapo. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, umri wa kuolewa, nikiitwa Chausiku, kwa kuwa jina la Skolastika sikuwa nimelipata bado. Tabu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni ingawa umri wake ulikuwa wa kutembea, kwa maana njaa ilikuwa imemrudisha nyuma: nywele zimegeuka rangi ya kutu, miguu imevimba, macho yamekuwa makubwa. Tulisikia kwamba kwenye misheni moja iliyokuwa ikijengwa upya, si mbali sana na boma, wanagawa uji. Tukaenda. Walituweka kwenye banda refu la nyasi pamoja na wajane na watoto, na hadi leo nikisikia harufu ya nyasi mbichi zilizolowa mvua nalikumbuka banda lile, moshi wake, na sauti ya watu wengi wanaopumua pole pole ili wasimalize nguvu.

Mkubwa wa banda, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa Mama Nangoma. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kiume, na wanawe wawili walikuwa wamekufa vitani. Siku tuliyofika alimtazama Tabu, akanyoosha mikono, akasema, “Lete huyo, wewe umechoka,” na tangu hapo Tabu alilala mapajani mwake. Mimi nilipata kazi ya jikoni, ili nipate chakula bila kuomba. Kwa hiyo nilikuwa na makao mawili: banda la Mama Nangoma, na jiko la Sista Imina.

Jiko lile lilikuwa na kuta za matofali mabichi yaliyokuwa bado yanatoa jasho, na dirisha moja bila ubao. Sista Imina alikuwa Mjerumani mnene wa mikono na mwembamba wa uso, mwenye Kiswahili cha kuokota njiani. Mimi nacho sikuwa nacho kingi, Kingoni ndicho kilichokuwa lugha yangu, kwa hiyo tulielewana kama watu wawili wanaovuka mto kwa kushikana mikono, kila mmoja akidhani mwenzake anaujua. Kitu kimoja nilikipenda kwake mapema: hakuchoka kuulizwa, na mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku moja wapagazi walifika kutoka pwani na sanduku lake. Ndani kulikuwa na makopo ya bati, na bonge refu la sukari lenye ncha, gumu kama jiwe, limefungwa kwa karatasi ya buluu. Alipofungua kopo la kwanza akafumba macho, akanusa, akanisogezea. Nilidhani ni udongo. Rangi yake ilikuwa ya udongo wa kichuguu baada ya mvua. Nikatia kidole, nikalamba, nikatema. Alicheka mpaka akashika meza. “Peke yake, mbaya,” akasema. “Na ndugu zake, nzuri.” Nikamwuliza ni unga wa nini. Akasema ni mbegu za mti. Nikamwuliza kama mti huo huota kwao. “Hapana. Kwetu baridi.” “Basi mnaipata wapi?” Akafikiri, akasema, “Wengine wanalima. Sisi tunakunywa.” Jibu hilo nililitafuna siku nyingi kuliko nilivyolamba ule unga, na sina hakika kama nimelimaliza.

Alinifundisha kuutengeneza mchanganyiko wenyewe, naye alifundishwa na mama yake, ambaye kila majira ya baridi aliujaza kwenye chungu kikubwa na kuuficha watoto wasiulambe. Tulivunja sukari kwa nyuma ya shoka, tukaitwanga kinuni hadi ikawa laini, tukaichuja kwa kitambaa. Kwao walitumia kakao na sukari tu, lakini makopo yalikuwa machache na vinywa vingi, kwa hiyo nilimpa shauri la ulezi. Tuliukaanga juu ya kigae mpaka ukanukia na kuanza kurukaruka, tukausaga ukawa mwembamba kama vumbi. Kisha vyote vitatu vilimiminwa kwenye ungo, na chumvi kidogo sana, ile unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Nikamwuliza chumvi ya nini katika kitu kitamu. Akasema, “Tamu bila chumvi ni mtoto bila ndugu.” Tulisugua unga ule kwa viganja, mimi upande huu na yeye upande ule, mpaka kusiwe na bonge hata moja, tukautia kwenye kibuyu kikavu na kukiziba kwa gunzi. Ukitaka kunywa, unachukua kijiko cha unga, maji ya moto kidogo tu, unasonga mpaka unang'aa kama udongo wa mfinyanzi, ndipo unaongeza maziwa. Ukimimina maziwa yote mara moja unapata madonge, na unastahili. Maziwa yalikuwa ya mbuzi wachache wa misheni. Ili yatoe povu nilimletea upekecho wetu, kijiti cha kupekechea mboga, nikamwonyesha namna ya kukizungusha kati ya viganja. Alifurahi kama mtoto. Mimi nilionja kila siku, kwa sababu ndiyo kazi ya jikoni. Yeye hakuonja, nami nilidhani ni kwa sababu amekwisha kuijua.

Hayo yote hayakufanywa kwa ajili ya kujifurahisha. Watoto wengine bandani, na Tabu mmoja wao, walikuwa wamefika mahali ambapo uji haukai. Uji wenyewe ulikuwa wa mtama na pumba zake, na kila ulipoingia ulirudi. Sista alimshika Tabu tumbo, akaniambia, “Tumbo limelala. Tuliamshe pole pole. Maziwa, tamu, moto kidogo.” Nilielewa na maneno ambayo hakuyasema: kwamba lisipoamka siku hizi chache, halitaamka.

Asubuhi ya kwanza tuliingia bandani na chungu, yeye mbele na mimi nyuma na vikombe vya bati. Akamimina, akamkabidhi Mama Nangoma kikombe cha kwanza kama mkubwa, kwa mikono miwili, vizuri kabisa. Kisha akarudi nyuma hatua, akaficha mikono ndani ya mikono ya kanzu yake, akasubiri. Mama Nangoma alikitazama kikombe, akamtazama Sista, akakitazama tena kikombe. Akakiweka chini taratibu. “Asante,” akasema. “Tumeshiba.” Yule aliyesema hivyo mbavu zake zingeweza kuhesabiwa kutoka mlangoni. Wanawake wengine nao, mmoja baada ya mwingine, wakasema, “Tumeshiba.” Nikapiga magoti kando ya Tabu, nikamwekea kikombe mdomoni. Akaubana mdomo, akanong'ona, “Nimeshiba, dada.” Alikuwa na haki ya kumsikiliza aliyempakata kuliko mimi niliyekuwa nashinda jikoni. Na mtoto wa watu wa kwetu halishwi kwa mabavu mbele ya wazee.

Sista Imina alidhani ni uchungu. Kesho yake akaongeza sukari. Wakasema wameshiba. Akadhani ni uzito, akaongeza maziwa. Wakashiba. Akadhani ni vikombe vya bati, akatia kwenye vibuyu, na hapo nilidhani ameshinda, lakini Mama Nangoma alikipokea kibuyu, akakiweka chini pole pole kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake, akashukuru, akashiba. Kakao ilipoa na kufanya utando juu, mafundi wa kujenga wakainywa kwa furaha kubwa. Na Tabu kila siku alikuwa mwepesi zaidi.

Nilipata sababu kwenye jiwe la kusagia. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikipepeta ulezi, wanawake wawili wa bandani wakisaga mtama, na Mama Nangoma amekaa karibu nao na Tabu mapajani. “Umeutazama mdomo wake?” akauliza mmoja. “Mdomo wa nani?” “Wa Mzungu. Uji wetu anaonja. Mboga anaonja, tena anaongeza chumvi kama mwenye kisima cha chumvi. Ile nyeusi haigusi.” “Labda haipendi.” “Mtu apike asichokipenda halafu awape wageni? Hata wewe, na uvivu wako, hujafanya hivyo.” “Uvivu wangu umeuona wapi? Jiwe linazunguka lenyewe?” Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye njaa, ambacho huishia kooni. Kisha nikasikia sauti ya Mama Nangoma. “Wanangu walikunywa unga na maji kutoka mkono wa mtu aliyewapenda. Wakaambiwa risasi zitageuka maji. Huyu naye ana unga mwingine na maji mengine. Simwombi aniambie ni dawa ya nini. Namwomba aonje tu.”

Nikasimama na ungo wangu kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kwetu, mwenye pombe hunywa kwanza. Ugimbi ukiletwa, yule anayeuleta anakunywa mbele ya wageni mpaka waone koo lake likishuka na kupanda, kisha anafuta ukingo, ndipo anatoa. Haitoki kwenye uchoyo wala kwenye dharau. Ni namna ya kusema: kilichomo humu kikiwa uhai ni wetu sote, kikiwa kifo nitakuwa wa kwanza. Na mwenyeji asipoonja, mgeni mwenye adabu hamtukani. Anasema tu, “Nimeshiba,” na kila mtu anaelewa. Nililijua hilo tangu kuzaliwa. Sikuwa nimefikiri kwamba kikombe cha Mzungu nacho kina adabu zile zile za kibuyu cha ugimbi. Nikatoka nyuma ya ukuta. “Mama, mimi nimeonja. Naonja kila siku jikoni, na niko hai, tena nanenepa.” Hakushangaa kuniona. “Wewe ni mgeni kama sisi, mwanangu,” akasema. “Mgeni hawezi kumwonjea mwenye nyumba.”

Nilimkuta Sista Imina akiosha upekecho. Nikamwuliza moja kwa moja, “Sista, kwa nini huonji kakao?” Akaona haya, akageuza uso. Maelezo yake yalikuja vipande vipande, nami niliviunganisha jinsi nilivyoweza. Ilikuwa Kwaresima. Wakati ule sikujua Kwaresima ni nini. Akanieleza kwamba ni siku za kujinyima kabla ya Pasaka, na kwamba kila mmoja wao humwahidi Mungu kitu. Yeye aliahidi kutoonja kitu kitamu chochote, hata tone, mpaka Pasaka. “Na kakao,” akasema, akijipiga kifua kidogo, “tangu mtoto, kakao ni moyo wangu.” Basi nilielewa kwa nini alifumba macho aliponusa kopo lile. Nikamwuliza ameahidi kwa ajili ya nani. “Kwa waliokufa. Vita.” “Wenu?” “Wote,” akasema. “Wote, wote.” Nikamweleza basi kuhusu ugimbi na koo na kushiba, kwa Kiswahili changu kibovu na kwa mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya kuni. “Kwa hiyo mimi,” akasema pole pole, “kila asubuhi nawaambia, sitaki kunywa na ninyi.” Nikasema, “Ndiyo.” Mimi sikuwa Mkristo, nilikuwa na shauku ya kujua tu, nikamwuliza swali ambalo pengine mwenye adabu zaidi asingeliuliza: “Ukionja, Mungu atakasirika?” Nilitegemea jibu, maana walikuwa na majibu mengi misheni. Akasema, “Sijui.” Nimesoma mengi tangu siku ile na nimefundisha mengi, lakini neno lililonifanya nimwamini mwanamke yule, na baadaye nimwamini yule aliyemtuma, ni hilo. Bandani Tabu alikohoa, kikohozi kidogo kikavu kama cha kuku. Sista akainuka. “Pasha moto,” akasema.

Tulipoingia, Tabu hakuinua kichwa. Sista Imina alimimina kikombe kimoja, akapiga goti mbele ya Mama Nangoma kama alivyowaona wanawake wetu wakifanya, akafanya ishara ya msalaba, polepole kuliko siku zote. Akainywa. Banda zima lilikuwa likitazama koo lake. “Hilo ni funda la kuku,” akasema Mama Nangoma. “Mwambie anywe.” Nikamwambia. Akanywa funda la mtu, koo likapanda na kushuka. “Ulimi.” Nikaona aibu kutafsiri, lakini nilitafsiri. Na yule mtawa, mtu mzima, akafungua kinywa akatoa ulimi nje kama mtoto kwa mganga, ulimi wa rangi ya kichuguu. Mzee mmoja pembeni akasema, “Lo! Kumbe hata vinywani mwao mna ulimi!” na banda likapasuka kwa kicheko. Ndicho kicheko cha kwanza cha kweli nilichokisikia tangu vita. Sista akafuta ukingo kwa kiganja, akatoa kikombe. Mama Nangoma akanywa, akaisikiliza ndani ya mwili, akasema, “Inaanza na uchungu, inaishia na utamu. Kinyume cha ndoa yangu.” Kisha akachovya kidole, akampaka Tabu midomoni. Tulisubiri. Ncha ya ulimi wa mdogo wangu ikatoka, ikalamba, ikarudi ndani, ikatoka tena kuuliza kama kuna zaidi. Akapewa kijiko. Tukasubiri tena. Hakikurudi.

Katika kelele zile Mama Nangoma peke yake ndiye aliyeona. “Huyu analia nini? Imemuunguza?” Nikatazama, kweli Sista Imina alikuwa akilia huku anagawa, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Nikamweleza Mama Nangoma habari ya ahadi. Hakuelewa mara moja. “Amejinyima utamu kwa ajili ya wafu?” “Ndiyo, mama.” “Wafu gani?” “Wa vita. Anasema wote.” “Na wanangu?” “Na wanao.” Mama Nangoma akamlisha Tabu kijiko kwa kijiko, akitazama mlango ambao Sista alikuwa ametokea.

Kesho yake asubuhi Sista Imina alipiga goti tena, akamimina, akainua kikombe mdomoni. Mama Nangoma akanyoosha mkono wake mrefu, akaufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja. “Mwambie hapana,” akaniambia. “Amekwisha kunywa nasi, nimeona, imetosha. Arudi kwenye ahadi yake. Wanangu wanaihitaji. Mimi nitaonja badala yake.” Nilikuwa na ugonjwa wangu wa kuuliza, sikuweza kujizuia. “Lakini mama, ulisema mgeni hawezi kumwonjea mwenye nyumba.” Akakichukua kikombe kutoka mikononi mwa Sista. “Mgeni ni nani hapa?” akasema, akanywa, akafuta ukingo, akampa jirani yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Pasaka. Kila asubuhi Mama Nangoma alikuja mwenyewe jikoni, akasimama juu ya chungu, akaonja mbele ya watu wote, na Sista Imina akasimama nyuma na mikono yake ndani ya kanzu, akifunga. Siku ya Pasaka yenyewe, Mama Nangoma alinifukuza jikoni, akautengeneza mchanganyiko peke yake, na madonge yake, maana hakuwa na subira na unga. Akaonja, akafuta, akampa Sista kikombe kwa mikono miwili. Yule mtawa alikunywa mpaka mwisho, na madonge akayatafuna. Sitaki msomaji afikiri kwamba wote walipona. Wako watoto tuliowazika nyuma ya banda kabla na baada ya Pasaka ile, na majina yao nayataja katika sala zangu mpaka leo. Lakini Tabu alipona. Mavuno ya kwanza yalipokuja, machache, yeye ndiye aliyekimbiza ndege shambani kwa miguu yake. Mimi nilibatizwa baadaye. Mama Nangoma hakubatizwa mwaka ule wala uliofuata. Alikuwa na maswali yake kwa Mungu na hakupenda kuharakishwa, na Sista Imina hakumharakisha. Makopo yalipokwisha, wanawake waliendelea kukaanga ulezi, wakatia karanga zilizosagwa mahali pa kakao na asali mahali pa sukari, na bado wakaiita kakao, na bado aliyeileta akaonja kwanza. Tabu aliolewa akiwa na desturi hiyo, akazaa nayo, akazeeka nayo. Hakukumbuka ilikotoka. Alikumbuka tu kwamba kikombe kisichoonjwa hakinyweki.

Haya niliwasimulia pale Msamala, kwa maneno machache kuliko haya, mpaka kakao yangu ikapoa mkononi. Yule binti wa Nalasi akainuka, akanichukulia kikombe, akaenda jikoni. Tulimsikia akiuliza kibuyu cha mchanganyiko kiko wapi, akiambiwa siku hizi ni chupa, akilalamika kwamba upekecho umefichwa. Akarudi na kikombe kingine kinachofuka moshi, akapiga goti. “Bismillahi,” akasema, akanywa, funda la mtu, akafuta ukingo kwa kiganja chake, akanipa kwa mikono miwili. Nilikunywa. Ilikuwa na chumvi kidogo, kama inavyotakiwa.

Na wewe uliyenifuata mpaka hapa, Mungu akujalie katika siku yako ya njaa mtu wa kupiga goti na kuonja kabla yako, na katika siku yako ya shibe akupe moyo wa kumwonjea mwingine. Akulinde wewe na wa nyumbani mwako, awape raha ya milele wote tuliowataja na tusiowataja, na kikombe chako kisipoe kamwe kwa kukosa wa kukinywa pamoja nawe. Amina.